Daftari za Uzee: Jinsi Umri wa Nyani na Sokwe wa Porini Ulivyokuja Kuhesabiwa

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wanabiolojia wengi wa Ulaya na Marekani waliuchukulia uzee kuwa jambo la mabandani na majumbani, kwa kuwa waliamini kwamba mnyama wa porini huuawa na njaa, maradhi au meno ya mwindaji wake muda mrefu kabla mwili haujapata nafasi ya kuchakaa. Imani hiyo ilipewa hoja yake yenye nguvu zaidi na Peter Medawar, Mwingereza aliyezaliwa Brazili, katika mhadhara alioutoa University College London mwaka 1951 na kuuchapisha mwaka uliofuata. Medawar alitoa mfano wa mirija ya kioo ya maabara: mirija haizeeki, lakini huvunjika mmoja mmoja kwa ajali, hivyo hata kama kila mrija ni imara kama siku uliponunuliwa, ile inayodumu miaka mingi itakuwa michache sana. Kwa mantiki hiyo hiyo, wakongwe wa porini ni wachache mno kiasi kwamba uteuzi asilia, yaani mchakato ambao kwao viumbe wenye sifa zinazowafaa huacha wazao wengi kuliko wenzao, hauna nguvu ya kuziondoa kasoro zinazojitokeza uzeeni. Jeni inayomdhuru mnyama akiwa mchanga hutoweka pamoja naye, ilhali jeni inayomdhuru akiwa mkongwe huwa imekwisha kurithiwa na watoto na wajukuu.

Mwaka 1957 Mmarekani George Williams aliongeza kwamba jeni hizo za uzeeni si lazima ziwe kasoro tupu, kwa kuwa jeni moja inaweza kumpa mnyama nguvu za kuzaa ujanani na kumdai gharama yake baadaye. Na mwaka 1977 Mwingereza Thomas Kirkwood akaligeuza suala hilo kuwa la bajeti, akisema kwamba mwili una nishati yenye mpaka, na kila kinachotumika katika kuzaa hakiwezi kutumika tena katika kuukarabati mwili wenyewe. Kutokana na nadharia hizi ilitokea kauli iliyoweza kupimwa: mnyama anayeishi katika mazingira ya hatari nyingi hana faida ya kujikarabati kwa ajili ya kesho asiyokuwa na hakika nayo, hivyo atazaa mapema na kuzeeka haraka, na yule aliye salama zaidi atazeeka polepole. Kauli hiyo ilikuwa safi, lakini haikuwa na takwimu za nyani hata mmoja wa porini, maana wakati huo hapakuwa na mtu aliyewahi kumfuata nyani mmoja tangu kuzaliwa hadi uzeeni.

Chombo cha kupimia, hata hivyo, kilikuwapo tangu zamani, na kilitengenezwa na watu wa bima. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, mtaalamu wa hesabu wa London aliyefanya kazi katika shirika la bima ya maisha, alionyesha kwamba hatari ya mtu mzima kufa haiongezeki kwa kujumlishwa bali kwa kuzidishwa, yaani baada ya kila muda fulani huwa maradufu ya ilivyokuwa. Kwa binadamu muda huo ni takriban miaka saba au minane. Kanuni ya Gompertz inatenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya: kiwango cha msingi cha hatari, ambacho huonyesha ugumu wa maisha kwa kila rika, na kasi ya kuzeeka, ambayo huonyesha jinsi hatari hiyo inavyopanda kadiri umri unavyosonga. Watu wawili wanaweza kuzeeka kwa kasi ile ile huku mmoja akifa mapema kwa sababu tu anaishi mahali penye malaria na maji machafu. Msomaji atafanya vyema kuishika tofauti hii, kwa kuwa karibu kila ubishi uliofuata kuhusu uzee wa primati, yaani kundi la mamalia linalojumuisha komba, lemuri, kima, nyani, sokwe na binadamu mwenyewe, uligeukia hapo.

Takwimu zilianza kukusanyika bila mtu yeyote kukusudia kuchunguza uzee. Jane Goodall aliteremka kwenye ufuko wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 14 Julai 1960, kwa lengo la kuchunguza tabia za sokwe mtu. Mwaka 1965 Mjapani Toshisada Nishida alianza kazi kama hiyo katika milima ya Mahale, kusini zaidi kwenye ziwa hilo hilo. Mwaka 1967 Dian Fossey alifungua kambi ya Karisoke kati ya volkano za Rwanda ili kuwafuata gorila wa milimani. Na Jeanne na Stuart Altmann, waliofika Amboseli kwa mara ya kwanza mwaka 1963, walianzisha mwaka 1971 ufuatiliaji wa nyani wa njano ambao haujakatika. Marina Cords alianza kuwafuata kima wa msitu wa Kakamega mwaka 1979, na katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, kazi ya kudumu juu ya sokwe mtu ilianza Kanyawara mwaka 1987 chini ya Richard Wrangham, kisha Ngogo mwaka 1995 chini ya John Mitani na David Watts. Nje ya Afrika bara, vituo vya aina hiyo vilikua huko Beza Mahafaly nchini Madagaska kwa ajili ya lemuri waitwao sifaka, Santa Rosa nchini Kosta Rika kwa ajili ya kima waitwao kapuchini, na Caratinga nchini Brazili kwa ajili ya kima waitwao muriki, ambao Karen Strier alianza kuwachunguza katika kipande cha msitu kilichohifadhiwa ndani ya shamba la mkulima wa kahawa, Feliciano Miguel Abdala.

Jambo linaloshangaza katika orodha hiyo ni kwamba mfumo wa utafiti haukuundwa kuvumilia kazi ya aina hii. Ruzuku ya utafiti hudumu miaka miwili au mitatu na shahada ya uzamivu miaka mitano au sita, ilhali sokwe mtu jike hupata mtoto wa kwanza akiwa na miaka kumi na tatu au zaidi na anaweza kuishi kupita hamsini. Mtafiti anayetaka kujua jinsi sokwe wanavyozeeka hulazimika kuzeeka nao, na hata hivyo huenda akastaafu kabla ya mnyama wake. Kwa hiyo ujuzi huu ulitegemea watu waliobaki. Mei 1975 waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire waliwateka nyara wanafunzi wanne wa Gombe, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo watafiti wa kigeni hawakuweza kukaa kituoni. Daftari hazikufungwa, kwa kuwa Watanzania waliokuwa wamefunzwa kazi hiyo, akiwamo Hilali Matama, waliendelea kupanda mabonde kila alfajiri na kuandika nani ameonekana, yuko na nani, na jike gani amebeba mtoto mchanga. Waliandika kwa Kiswahili, na maelezo hayo ya Kiswahili ndiyo baadaye yaliyotafsiriwa na kuingizwa katika kompyuta za vyuo vikuu vya Marekani. Amboseli nako, uendelevu wa takwimu ulishikiliwa kwa miongo mingi na Wakenya kama Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere, ambao waliweza kumtambua kila nyani wa kila kundi kwa sura yake. Si kutia chumvi kusema kwamba sehemu kubwa ya sayansi ya uzee wa primati imesimama juu ya macho yao.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa wa macho tu. Jike aliyeitwa Flo, aliyejulikana Gombe tangu siku za mwanzo, alionekana akidhoofika mwaka hata mwaka, meno yake yakiwa yamesagika hadi kwenye ufizi, na alipokufa mwaka 1972 gazeti la Sunday Times la London lilichapisha tanzia yake kama ya mtu mashuhuri. Mwanawe wa kiume, Flint, ambaye mama huyo aliyechoka alikuwa ameshindwa kumwachisha ziwa vizuri, alikufa wiki chache baadaye ingawa alikuwa amekwisha kutimiza miaka minane. Binti yake Fifi aliendelea kuzaa hata akafikisha watoto tisa, kisha akatoweka mwaka 2004. Habari hizi zilitosha kuonyesha kwamba sokwe wa porini huzeeka kwa dalili zinazoonekana, jambo ambalo hoja ya mirija ya kioo isingelitabiri kwa urahisi, lakini hazikuweza kuzaa kanuni yoyote, kwa sababu umri wa Flo ulikuwa wa kukisiwa na Fifi alikuwa mmoja tu.

Ugumu wa kuhesabu ulizidi huo. Anayetoweka si lazima awe amekufa: dume wa nyani akipevuka huhama kundi alimozaliwa, na kwa sokwe mtu ni jike anayehama, hivyo daftari hujaa majina yanayokatika ghafla bila mzoga. Wale waliokutwa wakiwa wazima siku ya kwanza hawana tarehe ya kuzaliwa. Watakwimu walilazimika kubuni njia za kutumia taarifa pungufu, ambapo mnyama huhesabiwa kuwa hai kwa siku zote alizoonekana na kuondolewa katika hesabu, bila kuandikwa amekufa, pale anapohama. Kwa njia kama hizo, mwaka 2001 Kim Hill na wenzake walikusanya vifo vya sokwe mtu kutoka vituo vitano vya Afrika na kupata kwamba wastani wa umri wa kuishi tangu kuzaliwa ulikuwa takriban miaka 15 tu, na mwaka 2002 Anne Bronikowski na wenzake waliwalinganisha nyani majike wa Afrika Mashariki na wenzao waliofugwa San Antonio, Texas. Nyani wa Texas, waliolishwa na kutibiwa, walikufa kwa uchache katika kila rika. Lakini hatari yao ya kufa iliendelea kuongezeka maradufu kila baada ya miaka karibu mitano, si mbali sana na ya wale wa nyikani. Banda lilikuwa limeshusha kiwango cha msingi na kuiacha kasi ya kuzeeka karibu pale pale, na kwa matokeo hayo ile dhana kwamba uzee umetengenezwa na ufugaji ilikosa pa kusimama.

Hatua kubwa ilianza mwaka 2007, wakati wenye daftari walipokubali kuziweka mezani pamoja. Kikundi kilichokutana Durham, North Carolina, kwa uongozi wa Strier na Susan Alberts wa mradi wa Amboseli, kilijumuisha spishi saba: sifaka, kapuchini, muriki, kima wa Kakamega, nyani wa Amboseli, sokwe mtu wa Gombe na gorila wa Karisoke. Yeyote anayejua jinsi watafiti wanavyozilinda takwimu zao atatambua kwamba makubaliano hayo yalikuwa magumu kuliko hesabu zenyewe. Chapisho la mwaka 2011 katika jarida la Science lilitoa picha ambayo wengi hawakuitarajia: vifo vya binadamu hufuata mkondo ule ule wa primati wengine, vikianza juu utotoni, vikishuka ujanani na kupanda tena uzeeni, na uzee wa binadamu hauko mbali na wa jamaa zake kama ilivyodhaniwa pale ulipolinganishwa tu na wa panya na inzi wa maabara.

Katika spishi hizo madume kwa kawaida walikufa mapema kuliko majike, kama ilivyo kwa wanaume na wanawake, isipokuwa kwa muriki. Madume wa muriki hubaki katika kundi walimozaliwa, hawapangani kwa vyeo, na jike anapokuwa tayari kupandwa wao hungojeana bila kupigana, tabia iliyomfanya Strier awaone kuwa na usawa usio wa kawaida kati ya kima. Dume wa nyani, kinyume chake, huishi kwa kupigania cheo, na meno marefu anayojivunia ndiyo yanayomwachia makovu. Mfano mmoja haujengi kanuni, na muriki ni spishi moja katika msitu mmoja, lakini unaonyesha kwamba ufupi wa maisha ya dume haukuandikwa katika udume wenyewe, bali katika bei ambayo jamii yake inaudai udume huo.

Mwaka 2016 Fernando Colchero, akishirikiana na kikundi hicho hicho, aliweka mkondo wa umri wa primati sita kando ya mkondo wa watu, kuanzia wawindaji na wakusanyaji hadi Wasweden wa karne tatu zilizopita, na akaonyesha kwamba pengo kati ya wawindaji na watu wa leo wa nchi tajiri ni kubwa kuliko lile kati ya wawindaji hao na sokwe. Chini ya miaka 200 ya maji safi, chanjo na chakula cha uhakika iliongeza umri wa binadamu kuliko mamilioni ya miaka ya mageuzi yaliyotangulia. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2021, ulipanua hesabu hadi makundi 30 ya primati wasio binadamu, wa porini na wa bustani za wanyama, pamoja na makundi 9 ya binadamu, ili kupima dhana kwamba kasi ya kuzeeka haibadiliki sana ndani ya jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu kiukoo. Dhana hiyo ilithibitika kwa sehemu kubwa. Nyani wa nyika kavu na nyani wa bustani hutofautiana kwa vifo vya utotoni na kwa hatari zisizochagua umri, lakini wote hupanda mlima wa uzee wenye mwinuko unaofanana, na mwinuko huo si sawa na wa sokwe wala wa binadamu. Ilibainika basi kwamba swali la tofauti za kuzeeka ni maswali mawili, moja linalohusu jenasi na jenasi, ambalo jibu lake limo katika mamilioni ya miaka, na jingine linalohusu mnyama na jirani yake, ambalo jibu lake limo katika maisha yao.

Kuhusu swali la kwanza, majibu yameelekea kukubaliana na wanadharia wa awali. Primati ni wazito wa kuzaa na wepesi wa kudumu wakilinganishwa na mamalia wengine wa uzito wao, na sababu mojawapo ni miti: mamalia wanaoishi juu ya miti, ambako wawindaji ni wachache, kwa jumla huishi muda mrefu kuliko wa ardhini wenye umbo lile lile. Sababu nyingine ilidhihirika mwaka 2014, wakati Herman Pontzer na wenzake walipopima matumizi ya nishati ya spishi 17 za primati na kukuta kwamba primati hutumia kwa siku takriban nusu tu ya nishati inayotarajiwa kwa mamalia wa uzito wao. Moto mdogo hupika polepole; primati hukua taratibu, huzaa mtoto mmoja mmoja kwa kuachanisha, na huchakaa taratibu.

Swali la pili lilipata jibu lake lenye kina zaidi Amboseli. Mwaka 2016 Jenny Tung, Elizabeth Archie, Jeanne Altmann na Alberts waliwafuatilia katika daftari nyani majike 196 ambao utoto wao ulikuwa umeandikwa, wakahesabu mikasa sita: kuzaliwa mwaka wa ukame, kuzaliwa katika kundi lililosongamana, kuwa na mama wa cheo cha chini, kuwa na mama mpweke, kufiwa na mama mapema, na kufuatiwa haraka na mdogo. Walioonja mikasa mitatu au zaidi walikufa takriban miaka kumi mapema kuliko wale walioonja mmoja au wasioonja wowote, na kwa mnyama ambaye mwenye bahati hufika miaka ya ishirini na kitu, miaka kumi ni karibu nusu ya maisha. Ikumbukwe kwamba hawa ni wale waliokwisha kufika utu uzima. Utoto mgumu ulikuwa umewaacha wapite, kisha ukawafuata.

Miaka mitano baadaye watafiti wa Amboseli waligeukia damu. Juu ya uzi wa DNA hupachikwa alama za kikemikali zinazobadilika kwa mpangilio kadiri umri unavyosonga, na alama hizo zikisomwa kwa pamoja hutumika kama saa ya mwili, inayoweza kwenda mbele au nyuma ya kalenda. Katika nyani 245 waliopimwa, mikasa ya utotoni haikuonekana kuisukuma saa hiyo, jambo lililowashangaza wapimaji wenyewe. Kilichoisukuma kilikuwa cheo cha dume. Madume wa vyeo vya juu walionekana wazee kuliko tarehe zao za kuzaliwa, na aliyeshuka cheo alielekea kurudi karibu na umri wake halisi. Kwa maneno mengine, kutawala ni kukopa, kama Kirkwood alivyokuwa amesema kwa lugha ya bajeti, ingawa hapa deni lilionekana kulipika kwa kiasi pale utawala unapokwisha.

Ingekuwa rahisi kusimamia hapo na kutangaza kwamba utoto mgumu hufupisha maisha ya primati wote, na kwa muda wengi walielekea kusema hivyo. Gorila wa Karisoke walikataa. Mwaka 2023 ulichapishwa uchambuzi wa gorila 253 ambao ulitumia hesabu ile ile ya mikasa, na ukaonyesha kwamba mikasa huwaua watoto wengi, lakini anayevuka umri wa miaka sita hana upungufu wa maisha baada ya hapo. Walioonja mikasa mitatu au zaidi, hasa madume, walielekea hata kuishi zaidi. Sehemu ya sababu huenda ni kwamba wanaosalia ni wale walio imara tangu mwanzo. Sehemu nyingine inahusu jamii na chakula: gorila mchanga aliyefiwa na mama hukaribishwa na kundi, mara nyingi akilala karibu na dume mkuu mwenye mgongo wa fedha, na mlima wa volkano una majani mwaka mzima, wakati nyani yatima wa Amboseli anabaki katika nyika ambayo mvua yake haina ahadi.

Somo kama hilo la tahadhari lilitoka Kakamega. Kwa nyani wa Amboseli na wa Moremi nchini Botswana, majike wenye marafiki wa karibu na wa kudumu huishi zaidi, na jambo hilo lilikuwa limeanza kusimuliwa kama sheria ya maisha. Nicole Thompson na Cords walipowachunguza kima majike mwaka 2018 walikuta kwamba urafiki wenye nguvu haukuwa na manufaa yoyote pale ambapo marafiki wenyewe walibadilika mwaka hadi mwaka. Majike wa namna hiyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Na katika msitu wa mvua wa Ranomafana, nchini Madagaska, uzee ulionekana mahali pasipotazamiwa, yaani kinywani. Sifaka wa huko hukata majani kwa kingo kali za magego, na kingo hizo zikisagika, jike anayekaribia miaka ishirini hushindwa kuyatafuna majani vya kutosha. Naye huendelea kuzaa, ila watoto wake hufa kwa wingi katika miaka ambayo mvua ni haba wakati wa kunyonyesha, kwa kuwa majani makavu hayampi maji ya kutengenezea maziwa. Mwili wake ulikuwa na uwezo wa kuzaa uliodumu kuliko meno yake, na mvua ndiyo iliyoamua lini upungufu huo utadhihirika.

Uzazi ndio uwanja ambao ubishi umekuwa mkali zaidi. Mwaka 1998 Craig Packer, Marc Tatar na Anthony Collins walitumia daftari za nyani wa Gombe na simba wa Serengeti kuonyesha kwamba uzazi wa nyani jike huporomoka baada ya miaka 21 hivi, na kwamba bibi wa nyani hawaongezi uhai wa wajukuu kwa kiasi kinachopimika. Mwaka huo huo Kristen Hawkes na wenzake, waliokuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi miongoni mwa Wahadza karibu na Ziwa Eyasi, walitetea dhana kwamba kwa binadamu mambo ni kinyume: bibi anayechimba mizizi na kuwalisha wajukuu humwezesha bintiye kuzaa tena mapema, na kwa hiyo maisha marefu baada ya kukoma hedhi yalichaguliwa na mageuzi. Uchambuzi wa vituo sita vya sokwe mtu uliotolewa mwaka 2007 na Melissa Emery Thompson ulielekea kuunga mkono upekee huo wa binadamu, kwani uzazi wa sokwe ulipungua sambamba na uhai wenyewe, hivyo wachache mno walibaki hai bila kuzaa.

Kisha ikaja Ngogo. Jamii hiyo ya sokwe mtu, iliyofikia karibu 200, inakaa katikati ya msitu wenye matunda mengi, mbali na mashamba, mahali ambapo chui hawaonekani tena. Mwaka 2017 Brian Wood na wenzake walitangaza kwamba wastani wa umri wa kuishi wa huko ni miaka 32.8, zaidi ya maradufu ya ule wa mwaka 2001 na karibu na wa wawindaji wa kibinadamu. Mwaka 2023, wakitumia kumbukumbu za majike 185 na mkojo uliokusanywa kutoka kwa 66 kati yao, walionyesha kwamba homoni za majike wakongwe hubadilika kama za mwanamke anayekoma hedhi, kwamba hakuna aliyezaa baada ya miaka 50, na kwamba jike anayeingia utu uzima hutarajiwa kuishi takriban moja ya tano ya maisha hayo ya utu uzima bila uwezo wa kuzaa. Dhana ya bibi haiwezi kulieleza jambo hilo kirahisi, maana binti wa sokwe huhama na wajukuu hulelewa katika jamii nyingine. Watafiti wameacha milango miwili wazi: ama Ngogo ni neema ya muda iliyowaruhusu majike kuishi kupita mpaka wao wa kawaida, ama ndivyo sokwe walivyoishi zamani kila mahali, na umri mfupi wa vituo vingine ni matokeo ya mitego ya nyaya, misitu iliyokatwa na maradhi ya mapafu yanayotoka kwa watu. Neema yenyewe haikuwa kinga, kwa kuwa mwanzoni mwa mwaka 2017 ugonjwa wa namna hiyo uliua sokwe 25 wa Ngogo kwa muda mfupi.

Mizani kati ya milango hiyo miwili itategemea tarehe za kuzaliwa, na hapo ndipo daftari bado ni changa. Wakongwe waliopimwa Ngogo walikwisha kuwa wazima utafiti ulipoanza, na umri wao ulikadiriwa kwa nyuso, kwa meno na kwa uhusiano wa damu na watoto wao wakubwa. Sokwe wa kwanza wa huko mwenye tarehe kamili alizaliwa baada ya kazi kuanza mwaka 1995, kwa hiyo hatatimiza miaka 50 kabla ya mwaka 2045, na ikiwa ni jike, yaelekea aliondoka zamani akiwa msichana wa miaka kumi na kitu, akaenda kuzeekea katika jamii nyingine ambako hakuna anayeandika.